Sekunde Tano za Kimya

Kwa miaka sita, kompyuta ya shangazi yangu ilikuwa ikimkaribisha mtu mwingine.

Kila asubuhi Shangazi alivuta kiti mpaka magoti yakagusa ubao wa meza, akabonyeza kitufe cha kuwashia, akasubiri. Baada ya dakika moja na nusu ile sauti ya mashine, sauti ya mtu aliyebanwa pua, ilisema, “Karibu, Fundi.”

“Fundi hayupo,” Shangazi aliijibu. “Nipo mimi.”

Kisha alivaa spika zake za masikioni akaanza kazi. Shangazi haoni. Macho yake yalizimika akiwa na miaka minne, na katika yote aliyowahi kuyaona anakumbuka ndoo moja tu, nyekundu, iliyoachwa kwenye ngazi. Kazi yake ni kuchapa. Watu wanakaa vikao, wanahojiana, wanagombana mbele ya kinasa sauti. Yeye anasikiliza na kuyageuza maandishi, bila kuruka hata kikohozi kama kikohozi kina maana. Kazini na mtaani wanamwita Bi Nukta, kwa sababu kila anapofika mwisho wa sentensi huitamka kwa sauti ya chini, “nukta,” na mazoea hayo yalitoka mezani yakamfuata hadi jikoni.

“Hutoki na sketi hiyo,” aliniambia nikiwa na miaka kumi na saba. “Naisikia ilivyo fupi. Nukta.”

Huyo Fundi aliyekaribishwa kila siku si mtu wa mbali. Ni Fundi Kipara, mwenye karakana ya kompyuta ninakofanya kazi tangu nilipopata stashahada yangu. Yeye ndiye aliyeiwekea mashine ya Shangazi mfumo endeshi, ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Katikati ya kuweka, mashine iliuliza jina la mwenyewe. Kipara alikuwa na haraka, akaandika “Fundi”, akijiambia atabadilisha baadaye. Wiki ileile akalisahau neno la siri. Bila neno la siri, hakuna kubadilisha. Basi Bi Nukta akawa mpangaji kwenye mashine yake mwenyewe.

Mwezi uliopita, ofisi inayompa kazi ilileta taarifa: kuanzia tarehe moja, rekodi zao hazitafunguka kwenye mifumo ya zamani. Nilimpigia Kipara simu nikaiweka kwenye spika ili Shangazi asikie.

“Iletwe tu Jumamosi,” Kipara alisema. “Dakika arobaini nimemaliza.”

“Hailetwi,” alisema Shangazi. “Safari hii naweka mwenyewe.”

“Bi Nukta, kuweka mfumo si kuchapa. Mashine ikiwa bado tupu haina sauti. Inauliza maswali kwa maandishi, kwenye kioo. Utayasoma kwa nini, kwa pua?”

“Nina mtoto wa kaka yangu hapa. Amekaa chuoni miaka mitatu anajifunza hizo takataka zenu. Yeye ndiye atakayeniambia nitayasoma kwa nini.”

Akakata simu. Kesho yake karakanani Kipara alinitazama kwa huruma. “Shangazi yako yule,” alisema, “akizaliwa mara ya pili atazaliwa nyundo.”

Nilijaribu njia rahisi. “Shangazi, mimi nitakaa kando yako. Nakusomea swali, wewe unabonyeza jibu.”

“Hapo nani atakuwa ameweka?”

“Wewe.”

“Mimi nitakuwa nimeweka vidole. Macho yatakuwa yako.” Alikuwa akikunja nguo, akizipanga kwa kupapasa pindo. “Wewe hujui. Kila mlango niliopita, kuna mtu amenishika mkono. Wema mtupu, sikatai. Lakini mashine ile ndiyo nyumba yangu. Nashinda humo saa tisa kwa siku. Nataka niingie mara moja bila kushikwa mkono.”

Nikajua kazi niliyopewa ni ipi.

Kompyuta ya Shangazi ni ya zamani. Haikubali kuamshwa kwa flashi. Inajua diski tu, ile sahani nyembamba inayong'aa, na Shangazi hataki kusikia habari za mashine mpya kwa kuwa kibodi hii imeshaingia shimo kwa vidole vyake. Kwa hiyo ilibidi nitengeneze diski. Si diski ya kunakili tu. Diski ya peke yake, ambayo hakuna mwingine duniani angekuwa nayo: yenye mfumo mpya, yenye masahihisho yote yaliyotoka tangu mfumo huo utolewe, na yenye kuongea tangu swali la kwanza.

Mfumo niliouchagua ni wa wazi. Yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuubadilisha na kuufunga tena. Unaupokea kama faili moja kubwa. Ukilifungua, unakuta ndani yake mafaili laki moja na ushee. Jumatatu ile nililifungua nikakaa mbele ya kioo kama mtu aliyepewa ufunguo wa jengo ambalo miaka yote ameliona madirisha tu. Vyumba ndani ya vyumba. Hapa ndipo mashine inapojifunza kuwa ina kibodi. Hapa inajifunza saa. Hapa inajiuliza kama kuna spika, na ikiipata inaipa jina. Na kila mahali, kando ya mistari ya maagizo, kulikuwa na maneno yaliyoachwa na watu nisiowajua, wa nchi nisizozijua, walioijenga kazi hii usiku na mchana na kuigawa bure. Mmoja aliandika: “Usiuguse mstari huu. Niliugusa, nikajuta siku tatu.” Sikuugusa. Nilimwamini kama ndugu.

Diski moja haibebi kila kitu. Ili nipate nafasi ya sauti, ilibidi nitoe kitu. Nikakuta picha za kupamba kioo mia mbili na kumi: milima, maua, matone ya mvua. Nilizifuta zote kwa mkupuo mmoja. Nilitoa picha, nikatia sauti, na sikumbuki lini kazi imewahi kunifurahisha kiasi kile.

Kisha nikafika kwenye maswali. Tafsiri ya Kiswahili ilikuwepo tayari, lakini aliyeifanya, nadhani, Kiswahili alikiona mara moja tu, kwa mbali, kikivuka barabara. “Endelea na utekelezaji wa uumbizaji wa kizigeu?” Nani anaongea hivyo? Nani alishawahi kumwambia mama yake “utekelezaji wa uumbizaji” akatoka salama? Niliitupa yote nikaandika upya, maswali arobaini na matatu, kama ninavyoongea na Shangazi jikoni: “Hifadhi ya kompyuta yako ina vyumba viwili. Kazi zako zimo chumba cha pili, sitakigusa. Niweke mfumo mpya katika chumba cha kwanza?”

Sauti ya mashine iliyobanwa pua sikuitaka kwa kazi hiyo. Alhamisi mchana, Shangazi alipokwenda kwenye ofisi inayompa kazi, nilijifungia ndani ya kabati lake la nguo na kinasa sauti, makoti yakinifunika mwangwi, nikayasoma maswali yote arobaini na matatu kwa sauti yangu mwenyewe. Nilisoma na hesabu za maendeleo ya kazi: asilimia kumi, ishirini, thelathini. Kwenye sitini jogoo wa jirani aliwika. Nilirudia mara nne na mara zote nne akawika. Nikamwacha.

Diski tupu siku hizi ni adimu kuliko shukrani. Mpiga video mmoja alinipekulia droo yake akapata nne, za mwisho. Ya kwanza niliharibu kwa kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza: badala ya kulichoma lile faili kubwa, yaani kuliandika kwa mwanga, lijifungue na kuwa diski kamili, nililiweka juu ya diski kama faili tu, kama kumpa mtu bahasha iliyofungwa ndani ya bahasha. Mashine haikuona cha kuanzia. Kipara alicheka mpaka akashika meza. Ya pili niliichoma kwa kasi, ikatoka na sauti zinazokatika. Ya tatu ilitoka safi kabisa, na Kipara akaweka juu yake kikombe cha chai.

“Sasa cheka,” nilimwambia.

Hakucheka.

Ya nne niliichoma polepole, kwa mwendo wa chini kuliko yote, huku nimeikodolea macho kama mtu anayechemsha maziwa. Ilipotoka ilikuwa na uvuguvugu. Niliiweka juu ya kiganja. Ilikuwa nyepesi kuliko kipande cha mkate, na humo ndani mlikuwa na mafaili laki moja na ushee, na kabati la Shangazi, na mimi, na jogoo.

Tuliijaribu kwenye mashine ya karakana. Niliwasha, nikabonyeza, na baada ya muda sauti yangu ikajaza chumba. Swali la kwanza, la pili, la kumi. Kipara aliacha bisibisi yake mezani akaja kusimama nyuma yangu. Lilipofika swali la arobaini na moja, “Kompyuta hii ni ya nani?”, alijifuta kipara kwa leso.

“Hapa ndipo nilipoandika langu,” alisema polepole. Kisha: “Inaongea kuliko sisi, bwana. Mimi nimeweka mifumo mia ngapi? Sijawahi kusikilizwa na mashine namna hii.”

Nilitaka kubandika lebo ya karatasi juu ya diski. Kipara akanizuia: karatasi huipa diski uzito upande mmoja, ikizunguka inayumba. Basi nilidondosha tone moja la rangi ya kucha karibu na tundu la katikati, upande wa juu, likakauka likawa kipele kigumu.

Jumamosi saa nane mchana nilimkabidhi. Shangazi aliizungusha diski mikononi, akapitisha ukucha ukingoni, akainusa.

“Juu ni wapi?”

“Tafuta karibu na tundu.”

Kidole gumba chake kilisafiri kikagota kwenye lile tone. Akatabasamu. “Umenitilia sahihi,” alisema. “Haya. Geukia ukutani.”

“Shangazi!”

“Ukutani. Nakujua wewe. Utaangalia kioo halafu utapumua, nami nitasikia umepumua vipi, na hapo utakuwa umenishika mkono.”

Nikageuza kiti nikatazama ukuta, mahali rangi ilipobanduka kwa umbo la kiatu. Nyuma yangu nilisikia kijisahani cha mashine kikitoka, diski ikiwekwa, kijisahani kikirudi. Kitufe. Feni ikaanza. Nikabana mikono katikati ya magoti nikasubiri sauti yangu.

“Karibu, Fundi,” ilisema mashine.

“Fundi hayupo,” alisema Shangazi, lakini kwa sauti ndogo. “Diski yako imelala, mtoto.”

“Haiwezekani. Zima, uwashe tena.”

Akazima, akawasha. Feni, mngurumo, dakika moja na nusu.

“Karibu, Fundi.”

Mara ya tatu, vilevile. Karakanani ilifanya kazi! Niliiona kwa macho yangu. Na mara hiyo, nikiwa nimekodolea kile kiatu cha ukutani, maneno “kwa macho yangu” yakanirudi usoni kama kibao.

“Shangazi, niruhusu nigeuke. Mara moja tu. Nadhani nimekosea.”

“Geuka.”

Nikazima, nikawasha, nikatazama. Mwanzoni kabisa, kabla ya kitu chochote, mstari mmoja mweupe ulitokea kwenye kioo cheusi: Bonyeza kitufe chochote ili diski ianze. Ulikaa sekunde tano. Ukapotea. Mashine, kwa kuwa hakuna aliyebonyeza, ikaenda zake kwenye mfumo wa zamani.

Mstari ule niliuandika mimi. Niliung'arisha. Nilibadilisha “ili kuanzisha” mara tatu mpaka ukasomeka vizuri. Na karakanani ulipotokea, kidole changu kilibonyeza chenyewe, kwa mazoea, kama mtu anayeinamisha kichwa mlangoni kwake bila kujua kwamba mlango ni mfupi. Maswali arobaini na matatu niliyapa sauti, na la kwanza kuliko yote, lile la mlangoni, nililiacha bubu.

Nilimweleza. Sikuficha kitu. Mstari huo hutokea kabla mfumo haujaamka, na kabla mfumo haujaamka spika ni plastiki tu. Hauwezi kuongea hata ungetaka. Na upo kwa sababu: katikati ya kazi mashine hujizima na kujiwasha, diski ikiwa bado imo ndani, na isipouliza itaanza upya kila mara, kama mtu anayesahau alichotoka kusema. Safari ya kwanza lazima ubonyeze. Safari ya pili usiguse.

“Na diski nyingine?”

“Hii ndiyo ya mwisho. Nitatafuta. Labda wiki ijayo. Lakini tarehe moja ni keshokutwa, Shangazi. Niseme tu ‘sasa’. Neno moja. Nitakaa kule kule ukutani, nageuza shingo, nasema ‘sasa’, basi.”

Nilimwona akishusha mabega, na nilijua alikuwa akifikiria kukubali, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Alinyoosha mkono akaizima mashine.

“Nani alikwambia,” alisema, “kwamba mlango usio na kengele hausikiki ukifunguka?”

Alivuta kiti. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya sanduku la kompyuta, bati lake likiwa wazi chini ya vidole vyake, akainamisha kichwa karibu kama daktari. “Washa. Kisha rudi ukutani, unyamaze. Usipumue kwa maana.”

Niliwasha, nikarudi. Nilisikia feni. Hiyo tu. Nawaapia, mimi nilisikia feni.

“Karibu, Fundi.”

“Tena.”

“Karibu, Fundi.”

“Nyamaza wewe, hatuko kwako. Tena.”

Mara tano. Mara sita. Nilianza kuhesabu mabanduko ya rangi. Mara ya saba alisema, kama anayesoma kutoka mbali:

“Inapanda. Inashika pumzi. Inatafuna mara tatu, hiyo ni diski inatafutwa ukingo wake. Inatafuna mara ya nne, fupi. Halafu inakaa kimya.”

“Si hubaki feni tu?”

“Feni iko palepale, feni ni ukuta. Nasema nyuma ya feni. Mtoto, mimi nimesikiliza watu wakikaa kimya kwa miaka ishirini na miwili. Mtu anaulizwa swali kwenye kikao, ananyamaza, na mimi lazima nijue niandike nini. Kuna kimya cha aliyemaliza kusema. Kuna kimya cha anayetafuta uongo. Na kuna kimya cha anayekutazama akikusubiri wewe.” Alipiga sanduku kwa kidole, taratibu. “Hiki ni cha tatu. Hapa inanisubiri. Washa.”

Niliwasha. Nilirudi ukutani nikafumba macho, nikajaribu kusikia anachosikia. Feni. Feni. Feni. Na ndani ya feni, kwa mbali sana, labda, kitu kama mtu anayetafuna karanga kwenye chumba cha jirani. Moja, mbili, tatu.

Nne.

Nyuma yangu kitufe kirefu cha kibodi kilishuka, mara moja, bila wasiwasi.

Hakuna “Karibu, Fundi.” Dakika moja na nusu ikapita, hakuna. Diski ilikuwa ikivuma sasa, mvumo mrefu unaopanda, hata mimi niliusikia, hata kikombe juu ya meza kiliusikia. Sekunde kumi nyingine. Ishirini. Nikafikiri tumeiua.

“Karibu,” nilisema, kutoka ndani ya mashine. “Mimi ni diski ya kukuwekea mfumo mpya. Nitakuuliza, nawe utajibu. Hakuna haraka.”

Sikumsikia Shangazi akisogea. Nilivunja amri nikageuka, siyo kwenye kioo, kwake. Alikuwa ameweka vidole mdomoni. Uso wake, ambao kwa kawaida huwa umegeukia mahali pengine kidogo, ulikuwa umeelekea moja kwa moja kwenye ile spika ndogo, na sikuwahi kumwona akitazama kitu namna ile.

“Ni wewe huyo?” alinong'ona.

“Ni mimi.”

“Ulikuwa wapi? Unasikika kama uko ndani ya gunia.”

“Ndani ya kabati lako.”

“Na koti langu la sufi ulilikalia, nilijua tu.” Alijifuta jicho kwa kiwiko, haraka. “Ukutani.”

Nikarudi ukutani. Nikasikiliza shangazi yangu akizungumza na sauti yangu. Swali kwa swali. Lugha gani? Saa za wapi? Kibodi ya aina gani? Alijibu kila moja kwa kitufe na mara nyingine kwa mdomo. “Ndiyo, mama.” “Hapana, asante.” Kwenye swali la nane aliniambia nimelisoma kwa haraka kama mtu anayekwepa mvua. Kwenye la kumi na nne alisema, “Hapa umesoma vizuri,” na mimi, mtu mzima, niliona haya mbele ya ukuta.

“Ukikubali,” ilisema sauti yangu, “mfumo wa zamani utafutwa katika chumba cha kwanza, na hautarudi. Nifute?”

“Kwaheri, Fundi,” alisema Shangazi. “Tumekaa vizuri.” Akabonyeza.

Asilimia kumi. Ishirini. Jua lilisogea kutoka kwenye kizingiti hadi mguuni pa kiti changu. Thelathini. Mashine ilikuwa ikivimwaga vitu vyake, mafaili maelfu kwa maelfu, kutoka kwenye kile kipande chepesi cha plastiki, na yeye alikaa kiganja juu ya sanduku akivipokea kama mwenye nyumba anayesimama mlangoni siku ya kuhamia. Hamsini. Sitini, na jogoo akawika.

“Huyo naye ameandikwa kwenye mfumo?”

“Hakukubali kutoka.”

Alicheka mpaka asilimia themanini.

Kisha mashine ikajizima. Nilikaza mgongo. Ile safari ya pili: diski bado ndani, swali lilelile bubu, na safari hii akibonyeza, kila kitu kinaanza upya. Nilikuwa nimemwambia mara moja tu, katikati ya aibu yangu. Nilitaka kupiga kelele. Nilijiuma ulimi.

Ikajiwasha. Feni. Ikatafuna.

Nikasikia kiti kikilia. Nilijua kilio hicho: ni Shangazi akiegemea nyuma. Kutoka ukutani, kwa pembe ya jicho, niliona mikono yake miwili imeinuliwa juu ya kibodi, vidole wazi, kama mtu anayeonyesha hana kitu.

“Uliza tu,” aliiambia mashine kwa upole. “Leo sikujibu.”

Sekunde tano. Mimi nazijua sekunde. Kazi yangu ni sekunde. Sijawahi kukaa ndani ya tano ndefu kama zile, wala kuketi karibu na mtu anayezijua kuliko mimi niliyeziandika. Nilidhani nimemtengenezea diski inayoongea. Kumbe diski iliongea tangu mwanzo, kabla ya sauti yangu, na katika chumba kile aliyekuwa akiisikia alikuwa mmoja.

Ikapita. Ikaendelea. Swali la arobaini na moja likafika, nami nikajisikia nikisema, kwa sauti ya mtu aliyekaa juu ya koti la sufi: “Kompyuta hii ni ya nani? Andika jina.”

Anachapa maneno tisini kwa dakika. Herufi zile alizibonyeza moja moja.

Dakika chache baadaye mashine iliamka kwa mara ya kwanza peke yake. Kazi yangu ilikuwa imekwisha. Kuanzia hapo ilirudi ile sauti ya kubanwa pua, mwenyeji wa kawaida.

“Karibu, Bi Nukta.”

Nilimsubiri Shangazi aseme kitu. Kisha nikasikia kitufe, na feni ikifa.

“Umezima?”

“Nimezima.”

“Kwa nini?”

Akawasha. Tukangoja wote wawili.

“Karibu, Bi Nukta.”

Akazima. Alipowasha mara ya tatu simu yangu ikalia. Ni Kipara, hakuweza kuvumilia hadi Jumatatu. “Vipi huko? Nije?”

Shangazi alininyang'anya simu akaiweka karibu na spika. Mashine ikasema yake. Upande wa pili Kipara hakujibu, na simu ikakaa wazi hivyo, ikivuma kidogo.

“Hicho ni kimya gani?” nilimuuliza Shangazi kwa kunong'ona.

Alisikiliza, kichwa kimeinama.

“Cha mtu anayejifuta kipara,” alisema. Akarudisha simu kwangu, na mkono wake mwingine tayari ulikuwa unatafuta kitufe cha kuzimia.

“Shangazi, na kazi? Rekodi zinakungoja.”

“Zingoje. Miaka sita nimeingia humu kwa jina la watu.” Akazima. “Na wewe geuka sasa, uvute kiti uketi hapa. Nataka usikie.”